Wingi wa Upanga

Ukitaka kumuudhi Fundi, ulikuwa unaingia kibandani kwake na kusema umeleta panga mbili za kunoa. Alikuwa anaweka nyundo chini, anafuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi, na kukutazama kwa huruma. "Upanga mmoja, panga mbili," alisema. "Panga moja, mapanga mawili. Sasa hizo panga mbili ziko wapi, na mimi nizione?" Mteja aliangalia alichobeba, akaona ni vitu vya kufyekea tu, akaomba radhi. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Niliwahi kumwona dereva wa trekta, mtu mzima mwenye watoto sita, amesimama mlangoni anarudia umoja na wingi, kwa sababu bila hivyo kifaa chake kisingeguswa.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Kila alipoulizwa alijibu tofauti, na majibu yote yalikuwa marefu. Mimi nilimjua nikiwa mpiga chapa katika shamba la ngano la serikali, upande wa Hirbadaw, enzi zile ambapo ngano ilianzia mlangoni kwa ofisi na kuishia macho yanapoishia. Nilikuwa msichana wa Nambis, kule Mbulu, nimetoka chuo cha uhazili na cheti kipya, nimepewa miezi sita ya majaribio. Nyumbani mama alikuwa ameshawatangazia kanisani kwamba binti yake ameajiriwa. Neno "majaribio" hakulitangaza.

Kibanda cha Fundi kilikuwa nyuma ya karakana. Mbele kulikuwa na matrekta yenye magurudumu yaliyonizidi kimo, na kombaini zilizoletwa na wataalamu wa Kizungu, na mitungi ya gesi, na mashine za kuchomelea. Nyuma alikaa yeye na mvukuto wa ngozi ya mbuzi, mkaa wa mgunga, na kipande cha reli alichofulia chuma juu yake. Wataalamu walipita kumpiga picha. Kombaini zao zilipoharibika katikati ya mavuno, na kipuri kikawa bado kiko melini, walipita tena, safari hii bila kamera. Fundi alifua kipuri, kombaini ikatembea, na taarifa ya mwezi ikasema tatizo lilitatuliwa na uongozi. Najua, kwa sababu niliipiga chapa mimi.

Alitaka kitu kimoja tu duniani, na kila mtu pale shambani alikijua. Alitaka kuajiriwa, na karatasi ya ajira iseme yeye ni mhunzi. Alikuwa kibarua kwa miaka kumi na moja. Orodha ya kada iliyotoka makao makuu ilikuwa na mchomeleaji, fundi mitambo, seremala, mpishi, hata mfukuza ndege. Mhunzi hakuwemo. Mara tatu walimwambia, Fundi, kubali tukuandike mchomeleaji, mambo yaishe. Mara tatu alikataa. "Kuchomelea ni kugundisha," alisema. "Hata gundi inagundisha. Mimi nafua." Wenzake walimwona kichaa, na mimi nilikubaliana nao kabisa.

Historia ya panga duniani aliijua yote, hasa ile ambayo haikutokea. Saa nne, wakati wa chai, vibarua na madereva walijipanga kwenye magogo nje ya kibanda, na yeye akaanza. Kulikuwa na mfalme wa nchi za baridi ambaye upanga wake ulizimwa kwenye maziwa ya mgando ya ng'ombe arobaini. Kulikuwa na wahunzi wa mashariki waliokunja chuma kama chapati, mara mia, mpaka mtu ukiutazama upanga unaona mawimbi. Kulikuwa na watu waliozipa panga zao majina, na upanga ukivunjika wanafanya msiba wa siku tatu. Chanzo cha elimu yote hii nilikuja kukiona mwenyewe. Ni ukurasa mmoja wa gazeti la Kizungu, uliofungiwa sukari katika duka moja Katesh, wenye picha ya mtu aliyevaa chuma mwili mzima, amepiga goti mbele ya upanga. Maneno ya chini ya picha yalikuwa yamelowa mafuta ya taa. Yaliyobaki aliyajaza Fundi.

Tena alikuwa na hadithi yake ndefu, ya kutunga kabisa, aliyoikata vipande ili idumu msimu mzima wa kupanda. Ilihusu upanga uliofuliwa kwa chuma kilichodondoka kutoka angani, ukafichwa juu ya mlima Hanang, pale ambapo wingu halibanduki. Upanga huo ulikataa kukata nyama ya mtu. Ulikata uongo. Mtu akisema uongo mbele yake, ulichomoka wenyewe kwenye ala na kumkata maneno, akabaki bubu.

"Sasa Fundi," dereva mmoja aliuliza siku moja, "huo upanga ukiletwa pale ofisini?"

"Hauwezi kuletwa," alijibu. "Utachoka kabla ya saa tatu asubuhi."

Siku ya pili likabandikwa tangazo kwamba hadithi zisizohusu uzalishaji zisisimuliwe saa za kazi. Nalo nililipiga chapa mimi, tena nikalirudia mara mbili kwa sababu meneja alikuwa ameandika "uzalishashi". Fundi alilisoma, akalisifu kwa sarufi yake, na akaihamishia hadithi saa ya chakula cha mchana.

Na mtu huyu, mwenye wafalme na vita vyote hivyo mdomoni, alikuwa anaogopa damu. Simsingizii. Siku ya kuchinja mbuzi wa Krismasi alikuwa anaaga mapema kwamba ana mgonjwa wa kumtazama Dongobesh. Kuku wa nyumbani kwake alichinjwa na mkewe, na yeye akakaa upande wa pili wa nyumba anaimba nyimbo za kanisani kwa nguvu. Kisu alikinoa mpaka kinyoe nywele za mkononi, kisha akakulazimisha kukiokota chini. Chenye makali hakukipokeza mkono kwa mkono, hata kwa mchungaji.

Watu wetu nao walikuwa na yao. Jembe lake walilipokea kwa shukrani. Shoka lake walilisifu mpaka Haydom. Lakini akikaribisha chai, ghafla kila mtu alikuwa ametoka kunywa. Mfua chuma alionekana ana kitu mikononi, na hicho kitu kilivuka kwenye kikombe ila, kwa namna ambayo sikuwahi kueleweshwa, hakikuvuka kwenye jembe. Mimi mwenyewe wiki za kwanza nilikuwa nimeshiba kila siku. Fundi aliniambia, "Karani, wewe unashiba sana kuliko mshahara wako." Nikaona aibu, nikanywa. Ilikuwa chai nzuri, yenye maziwa mengi, na tangu hapo nilikuwa nakunywa kwake kila saa nne.

Sime alizifua nyingi kabla ya shamba kuja, maana wafugaji walimtegemea. Aliziheshimu kidogo tu. "Sime ni kisu kilichorefuka," alisema. Upanga wenyewe, mrefu wa kutoka begani hadi ncha za vidole, wenye makali pande mbili na mfereji katikati, hakuwahi kufua hata mmoja. Hakuna aliyeuhitaji. Chuma kizuri kilikuwa cha shamba, na shamba halikutoa chuma bila barua. Aidha meneja alikuwa amepiga marufuku sime ndani ya uzio, baada ya wafugaji kuja kuuliza kwa upole ng'ombe wao wawalishe wapi sasa, na yeye kuogopa upole ule. Basi Fundi aliusimulia upanga, akauchora kwa kaa ukutani, akaenda nyumbani.

Ndipo ikaja habari ya mgeni mkubwa. Kila mtu alipata kazi ya kufanya vitu vionekane. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, na mlango wa choo cha ofisi, uliokuwa haupo, ukapatikana. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimefika kiunoni, na lori lililotumwa kuleta vifaa vya kufyekea lilikuwa limelala porini na ekseli iliyokatika. Meneja alikwenda kwa Fundi kuzungumza naye. Sikuwepo. Nilichoona ni kwamba alirudi amenuna, akaandika rasimu ya barua kwa mkono, akanitupia. Fundi alikuwa amemwambia bila barua hafui kitu.

Rasimu ilisema hivi: "Tengeneza mapanga 12 kwa ajili ya ziara ya mgeni. Yawe tayari kabla ya Jumatano ya wiki ijayo. Chuma chukua stoo."

Hapa ni lazima niseme ukweli, ingawa haunipendezi. Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyetufundisha kwamba "ma" ya namna hiyo ni ya ukubwa na dharau, na kwamba katika barua ya ofisi haifai. Nilitaka meneja aone kwamba amepata karani aliyesoma. Habari za Fundi na umoja na wingi nilizisikia kila siku, nikazihesabu kuwa ni za mzee wa kijijini anayejifanya anajua. Basi nikapiga: "Tengeneza panga 12 kwa ajili ya ziara ya mgeni. Ziwe tayari." Meneja akaweka sahihi bila kusoma, kama alivyofanya kwa kila kitu, na muhuri ukagongwa. Nikaipeleka mwenyewe.

Fundi aliisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Akaniuliza, "Hii ni sahihi yake?" Nikasema ni yake. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia yake, akaivaa kofia. Kisha akaenda stoo na kuchagua springi za trela, moja moja, akizigonga na kusikiliza mlio.

Siku tisa hakukuwa na hadithi. Niliyoyaona ni haya. Alipasha chuma mpaka kikawa na rangi ya papai lililoiva, akakinyoosha, akakirudisha motoni, akakinyoosha tena. Alipokizima kwenye mafuta alifumba macho na kusikiliza. Aliupinda kila upanga juu ya goti mpaka nikaziba masikio, akauachia, ukarudi ulivyokuwa. Mipini aliiviringisha ngozi ya mbuzi. Ala aliziwekea nakshi, na hapo nilimuuliza kitu cha kufyekea nyasi kinahitaji nakshi ya nini. "Karani," alisema, "wewe umeandika, mimi natekeleza." Nilipaswa kuelewa siku hiyo. Nilidhani ni ufundi wa mtu mwenye makuu.

Jumatano asubuhi magunia yalifunguliwa mbele ya ofisi. Jua lilipiga juu ya zile panga, na watu wote wakasogea kuzitazama, hata meneja. Zilikuwa nzuri. Sijaona tena kitu kizuri kama kile kikitoka mkononi mwa mtu ninayemjua.

Kisha meneja akaanza kufoka. Lakini muda wa kukasirika haukutosha, mgeni alikuwa njiani, na nyasi zilikuwa bado ziko kiunoni. Vibarua kumi na wawili wakapewa panga, wakaambiwa wafyeke hivyo hivyo. Upanga wa makali pande mbili haufyeki. Unarudi. Mmoja alijichana suruali, mwingine akakata mche wa mjakaranda uliopandwa na mgeni aliyetangulia. Wakawa wamesimama kando ya barabara, wameshika panga wima mbele ya kifua kwa woga wa kujikata, ndipo magari yakatokea, nusu saa kabla ya wakati.

Mgeni mkubwa aliona safu ya wanaume kumi na wawili na panga zinazong'aa, akaamuru gari lisimame. Akashuka, akaikagua safu yote taratibu, akimpa mkono kila mmoja, ambaye ilibidi ahamishe upanga mkono wa kushoto kwa hatari kubwa. Akasema amekagua magwaride mengi, lakini hili limemgusa. Akasema huu ndio utamaduni. Meneja akainamisha kichwa na kusema, "Tunajitahidi, mheshimiwa." Nyasi hakuna aliyeziona. Mgeni aliondoka na panga mbili.

Wiki iliyofuata ikaja kamati. Mtu wa usalama wa wilaya alikuwa ameuliza swali rahisi: ofisi iliyopiga marufuku sime imeagizaje silaha? Watu watatu wakaketi nyuma ya meza, barua ikawekwa katikati. Meneja akaapa yeye aliandika "mapanga". Akaniambia nilete rasimu.

Rasimu ilikuwa kwenye droo yangu. Nilimfikiria mama na tangazo lake la kanisani. Nilijua wakiweka karatasi mbili pamoja, jioni hiyo niko kwenye basi la Mbulu na sanduku langu. Nikasema ngoja nitafute. Ndipo Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba kusema.

"Msimsumbue huyu mtoto," alisema. "Barua haina kosa. Kosa ni langu. Mimi sijui kusoma."

Hakukuwa na mtu chumbani ambaye hajawahi kusahihishwa na Fundi. Mwenyekiti wa kamati mwenyewe asubuhi ile alikuwa ameambiwa na yeye pale nje kwamba husemi "wanakamati tuko watatu tu peke yetu".

"Hujui kusoma?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilisomewa na mpita njia. Akasema panga. Nami nikaelewa ninavyoelewa."

Nikaona jinsi uongo ulivyopokelewa kwa furaha. Kama Fundi hajui kusoma, basi barua iliagiza vitu vya kufyekea tu na ni safi, sahihi ya meneja ni safi, ofisi ni safi. Wakaandika haraka, wasije wakamsikia akisahihisha kitu. Mimi nilisimama pale na ufunguo wa droo kiganjani, na sikusema neno. Nimekuwa na miaka mingi ya kujitetea kuhusu ukimya ule, na bado sijapata utetezi.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Mezani kwa meneja, tangu mwezi ule uliotangulia, kulikuwa na fomu mpya kutoka makao makuu yenye sehemu iliyosema "kada nyingine, taja". Fundi mwenyewe alikuwa ametaja, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: mhunzi. Ilingoja sahihi tu. Baada ya kamati fomu ikarudishwa kwenye jalada, na juu yake nikaambiwa nipige chapa mstari huu: asiyejua kusoma hawezi kuajiriwa. Niliupiga. Mwandiko wake ulikuwa hapo chini, unasomeka vizuri. Mimi nilithibitishwa kazini baada ya miezi mitatu.

Na kwa kuwa alishasema, ilimbidi aishi hivyo. Tangazo likibandikwa, Fundi alisimama mbele yake na kuomba msaada wa kusomewa. Vijana walimsomea vibaya, wakikanyaga herufi, na yeye aling'ata mdomo wa chini na kusema asante. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kimefungwa. Mtu akiingia kibandani akasema panga mbili, alizipokea, akazinoa. Panga zile kumi zilizobaki zilitawanyika kwenye kuta za maofisi, na yeye akaendelea kuwa kibarua mpaka shamba lenyewe lilipokufa na kombaini zikaota kutu.

Nilikutana naye Haydom, miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimempeleka dada yangu hospitali, nikatoka kutafuta chai karibu na stendi. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mama ntilie, amevaa koti zito, uso ameuelekeza penye jua.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Ni nani? Sogea, macho yamezibwa. Mtoto wa jicho."

Nikajitaja. Akacheka. "Karani. Sasa kweli sijui kusoma. Kamati ile ilikuwa inaona mbali."

Nikaketi. Nikamwambia, bila kuzunguka, kwamba ile "ma" niliitoa mimi, kwamba rasimu ilikuwa kwenye droo, na kwamba nilisimama pale nikanyamaza wakati karatasi yake inakufa. Nilikuwa nalia, na mama ntilie akajifanya anakoroga.

"Nilijua," Fundi alisema. "Meneja alikuja akaniambia kwa mdomo wake, nyasi, mapanga, wiki ijayo. Nikamwambia alete barua, nimchoshe tu. Barua ikaja inasema panga, ziwe tayari. Ziwe. Nikasema moyoni, huyu mtoto amekosea, na mimi ni mtu mzima, inanipasa nimrudishie arekebishe." Akalivuta koti lake. "Sikurudisha. Niliogopa utarekebisha. Kwa hiyo nani alimkosea mwenzake?"

"Lakini ajira, Fundi."

"Ajira niliitaka, sikatai. Iliniuma. Ila siku tisa zile ndizo nimefua. Nyingine zote nilikuwa nanyoosha vyuma vya watu. Kunywa chai."

Nikanywa. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa barua ya rufaa, imekunjwa mara nne, ameandikiwa kwenye zahanati ya huko anakoishi.

"Nisomee. Yule kijana wa zahanati alinisumbua sana, anauliza kazi, kazi yako nini mzee, mara tatu. Nikamwambia, nikamtamkia vizuri. Akacheka, ila aliandika, nilisikia kalamu. Ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Muhuri wa serikali?"

"Wa serikali, Fundi."

"Sasa pale penye kazi, ameandika nini?"

Niliangalia. Kijana alikuwa ameandika alichosikia, au neno pekee la namna hiyo alilolijua. Jina, umri, kijiji. Kazi: mhuni.

"Mhunzi," nikasoma.

Fundi aligeuza uso upande wangu, mkono wake umeshika ukingo wa benchi. Nilimwomba mama ntilie kalamu. Kati ya "n" na "i" palikuwa na nafasi ya kutosha. Nikaweka "z", nikapuliza wino ukauke, nikamrudishia karatasi yake.